Kukatwa Si Kumaliza: Kamisheni, Mshahara na Kodi ya Mapato Nchini Kenya



Najua wengi wenu mnaishi kwa kuuza: bima, mikopo ya benki, viwanja, magari, dawa za hospitali, bidhaa za jumla. Malipo yenu hayaji kwa mkupuo mmoja usiobadilika kama ya karani wa ofisini. Mwezi huu mfuko umejaa, miezi miwili ijayo mnasubiri. Na ninyi ndio mnaouliza swali lililonileta hapa: mbona kamisheni inakatwa kodi kubwa kuliko mshahara?

Nitalijibu mapema, kisha tulichambue pamoja. Sheria ya Kenya haina ngazi moja ya kodi kwa kamisheni na nyingine kwa mshahara. Shilingi ya kamisheni na shilingi ya mshahara, zikimfikia mtu yuleyule katika mwaka uleule, hutozwa kwa viwango vilevile. Kinachotofautiana ni anayekata, wakati anapokata, na kipimo anachotumia kukata. Tofauti hizo zinaweza kumfanya mtu akatwe zaidi ya anachodaiwa, na zinaweza pia kumfanya mwenzake aamini amelipa yote kumbe deni bado lipo. Ndiyo maana nasema kukatwa si kumaliza. Makato ni malipo ya awali. Kodi yenyewe ni ya mwaka, na huhesabiwa mwaka ukishakwisha.

Mkiondoka hapa na jambo hilo moja tu, safari yenu haikuwa bure. Lakini jambo hilo lina hesabu ndani yake, na hesabu ndiyo inayoingia mfukoni. Basi twende nayo polepole.

Kamisheni moja, njia mbili

Msingi wa yote ni Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1974. Kifungu cha 5 kinapoeleza mapato ya ajira hakiishii kwenye mshahara. Kinataja pia malipo ya likizo, ada, kamisheni, bonasi, kiinua mgongo na posho. Kwa hiyo muuzaji aliyeajiriwa, hata kama sehemu kubwa ya malipo yake ni kamisheni, kisheria anapokea mapato ya ajira. Mwajiri anapaswa kuijumlisha kamisheni na mshahara wa msingi, kisha kukata PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye malipo ya kila mwezi, kwenye jumla hiyo. Asipokata, mamlaka ya kodi inaweza kumdai yeye mwajiri.

Njia ya pili ni ya wakala anayejitegemea. Huyu hana mshahara wala likizo ya malipo. Ana makubaliano na kampuni kwamba akileta mteja atalipwa asilimia fulani. Kwake kamisheni ni mapato ya biashara. Kampuni inayomlipa haikati PAYE. Inakata kodi ya zuio kwa kiwango kimoja, inaipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, na kumpa wakala kilichobaki.

Ni nini kinachomweka mtu kwenye njia hii au ile? Si maneno yaliyopigwa chapa juu ya mkataba. Mahakama zinapoamua mgogoro wa namna hii huangalia hali ilivyo kazini: nani anapanga saa za kazi, nani anatoa vifaa, kama muuzaji anaweza kuuzia kampuni nyingine, nani anabeba hasara, na kama kazi yake ni kiungo cha kila siku cha shughuli za kampuni. Kijana anayesaini kila asubuhi saa mbili, anayevaa sare ya kampuni, anayepangiwa mtaa wa kuuza na kuadhibiwa asipofikisha lengo, ana hoja nzito ya kusema yeye ni mwajiriwa hata kama karatasi inamwita wakala huru. Shikeni hilo. Nitalirudia nitakapozungumzia michango, maana huko ndiko anakopoteza zaidi.

Mwezi unavyomwonea muuzaji

Tuanze na aliyeajiriwa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, mapato ya ajira ya mwezi hutozwa kwa ngazi. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Sh467,667 zinazofuata hutozwa asilimia 30, kisha Sh300,000 asilimia 32.5, na chochote kinachozidi Sh800,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 35. Hesabu ikishapatikana, mkazi hupunguziwa Sh2,400 kila mwezi, yaani nafuu ya kibinafsi. Nafuu hiyo inalingana na kodi ya ngazi ya kwanza, ndiyo sababu anayepata Sh24,000 au chini ya hapo hakatwi PAYE.

Sasa wachukueni watu wawili wa ofisi moja. Mmoja ni karani, analipwa Sh50,000 kila mwezi, Sh600,000 kwa mwaka. Wa pili ni muuzaji. Mshahara wake wa msingi ni Sh20,000, na kamisheni huja mara mbili kwa mwaka, Sh180,000 kila mara. Jumla yake kwa mwaka ni Sh600,000 vilevile. Ili hesabu isichanganye, tuweke kando michango ya hifadhi na afya kwa sasa.

Karani hukatwa Sh7,383 kila mwezi, kwa mwaka Sh88,600. Muuzaji, katika miezi kumi ya Sh20,000, hakatwi kitu, kwa sababu kodi yake ni Sh2,000 na nafuu ni Sh2,400. Lakini katika ile miezi miwili ya Sh200,000 anakatwa Sh52,383 kila mwezi. Jumla yake kwa mwaka ni Sh104,767. Wamepata pesa sawa, na muuzaji amekatwa Sh16,167 zaidi.

Zimetoka wapi? Zimetoka kwenye nafasi alizoziacha bila kuzitumia. Katika kila mwezi mkavu alibakiza Sh400 za nafuu, kwa miezi kumi ni Sh4,000. Alibakiza pia Sh4,000 za ngazi ya asilimia 10, kwa miezi kumi Sh40,000, na ngazi yote ya asilimia 25, ambayo kwa miezi kumi ni zaidi ya Sh83,000. Fedha ambazo zingeingia katika nafasi hizo zilirundikana kwenye miezi miwili na kutozwa asilimia 30. Ngazi ya chini ikipita mwezi bila kutumika, hesabu ya mwezi unaofuata haikumbuki. Mwezi ni kipimo kinachomfaa karani kwa sababu miezi yake yote inafanana. Kwa muuzaji ni kipimo kibovu, kama kumpima mvuvi kwa siku aliyorudi na jodari wengi na kusahau siku zote za kusi alizokaa ufukoni.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema kamisheni imetozwa kodi zaidi. Haijatozwa zaidi, imekatwa zaidi. Kodi ya Sh600,000 kwa mwaka ni moja tu: Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10, Sh100,000 kwa asilimia 25, Sh212,000 zilizobaki kwa asilimia 30, toa nafuu ya mwaka ya Sh28,800. Jibu ni Sh88,600, kwa karani na kwa muuzaji. Ile Sh16,167 ni mali ya muuzaji iliyoko mikononi mwa serikali. Kuipata, anapaswa kuwasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni akitumia fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri, aione ziada yake, kisha aombe kurejeshewa. Sheria ya Taratibu za Kodi inampa miaka mitano ya kudai kodi ya mapato aliyolipa kupita kiasi. Anayewasilisha ritani kwa haraka ili tu aepuke faini, bila kusoma mstari wa mwisho, anaiacha haki yake ilale.

Kuna jambo lingine linalowauma wauzaji: kamisheni inayolipwa halafu inarudishwa kwa sababu mteja amevunja mkataba au ameshindwa kulipa. Mwezi ulipolipwa ulikuwa mnono, na kamisheni ilikatwa kwa asilimia 30. Mwezi wa kurudisha ni mkavu, na punguzo hilo linaokoa kodi ya asilimia 10 tu, au haliokoi kitu kabisa. Kama yote yametokea ndani ya mwaka mmoja na mwajiri ameyaandika sawasawa kwenye hati ya mshahara, hesabu ya mwaka huyanyoosha. Kama hayakuandikwa, muuzaji anabaki amelipia kodi fedha ambazo hakukaa nazo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe hati inayochanganua malipo na makato. Isomeni kila mwezi, na mkiona kamisheni iliyorudishwa haimo, ulizeni siku hiyohiyo.

Wengine wanafanyaje

Tatizo hili si la Kenya peke yake, na kuna nchi zilizolitafutia dawa. Uingereza ilianza PAYE mwaka 1944, vita vikiendelea, wakati mamilioni ya wafanyakazi walipokuwa wameingizwa katika kodi ya mapato kwa mara ya kwanza na malipo yao yalipanda na kushuka kwa kazi za ziada. Mfumo wao wa kawaida huhesabu kwa kulimbikiza. Kila siku ya malipo, mwajiri hujumlisha kila alichomlipa mfanyakazi tangu mwaka wa kodi uanze tarehe 6 Aprili, hutoa nafuu ya kipindi chote hicho, hupata kodi ya jumla, kisha hukata tofauti tu. Mfanyakazi akipata kamisheni kubwa mwezi wa pili na kukosa mwezi wa tatu na wa nne, makato hushuka yenyewe, na mara nyingine anarudishiwa kupitia malipo yake ya mwezi. Mwezi mkavu haupotei. Hesabu inaukumbuka.

Marekani ilichagua njia nyingine. Huko kamisheni na bonasi huhesabiwa kuwa mishahara ya nyongeza. Mwajiri anaruhusiwa, akitimiza masharti, kukata kodi ya serikali kuu ya asilimia 22 moja kwa moja, na asilimia 37 kwa sehemu inayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Viwango hivyo vimetumika tangu 2018. Ndugu zetu wanaofanya kazi kule wanalalamika kama ninyi: wakiona asilimia 22 kwenye kamisheni wakati mshahara wao hukatwa kidogo, wanadhani kuna adhabu. Hakuna. Ritani ya mwaka huchanganya yote kapu moja, na aliyekatwa zaidi hurejeshewa.

Tanzania inatuonyesha jinsi ngazi zilizosambaa zinavyoongeza maumivu. Tanzania Bara, kwa shilingi yake, haitozi Sh270,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi Sh520,000 ni asilimia 8, hadi Sh760,000 asilimia 20, hadi Sh1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Mtu wa Sh900,000 kila mwezi, kabla ya kuondoa mchango wa hifadhi, hukatwa Sh103,000 kwa mwezi, Sh1,236,000 kwa mwaka. Mwenzake mwenye mshahara wa Sh400,000 na kamisheni mbili za Sh3,000,000 anapata Sh10,800,000 zilezile kwa mwaka, lakini akikatwa kwa jedwali la mwezi pekee, makato yake hufika Sh1,800,000. Tofauti ni Sh564,000. Umbali kati ya ngazi ya chini na ya juu ukiwa mkubwa, kurundikana kwa kamisheni kunauma zaidi.

Asilimia 10 isiyomjua mtu

Tumgeukie sasa wakala. Kampuni ya bima nchini Kenya ikimlipa dalali wa bima aliye mkazi hukata asilimia 5. Ikimlipa wakala mwingine hukata asilimia 10. Katika kazi nyingine za uwakala, malipo yakifika Sh24,000 kwa mwezi, kiwango kwa mkazi ni asilimia 5. Tangu 2023, huduma za kutangaza na kuvumisha bidhaa pia zimewekewa zuio la asilimia 5. Kampuni inapaswa kupeleka fedha hizo KRA ndani ya siku tano za kazi baada ya kukata, na cheti cha zuio huonekana kwenye akaunti ya wakala katika iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kikiwa na namba yake ya mlipakodi, PIN.

Zuio hili halijui hali yako. Halijui kama una watoto, kama unalipa pango la ofisi, wala kama una kazi nyingine. Halina ngazi wala nafuu. Linakata asilimia ileile kwa mnyonge na kwa tajiri, kisha linaiacha ritani ya mwaka iweke haki.

Fikirieni mawakala wawili wa bima. Wa kwanza alipata kamisheni ya Sh480,000 kwa mwaka. Zuio la asilimia 10 ni Sh48,000. Alikuwa na gharama halali za Sh150,000, kwa hiyo mapato yake yanayotozwa kodi ni Sh330,000. Kodi yake, baada ya nafuu, ni Sh10,500. Serikali imeshika Sh37,500 zake.

Wa pili alipata Sh1,200,000. Zuio ni Sh120,000. Gharama zake ni Sh300,000, mapato yanayotozwa ni Sh900,000. Kodi, baada ya nafuu, ni Sh178,600. Ukitoa Sh120,000 zilizokwisha kukatwa, bado anadaiwa Sh58,600. Wote wawili walikatwa asilimia 10. Wote wawili pengine walijiambia, "Mimi nimeshakatwa." Mmoja anadai, mwingine anadaiwa, na asiyewasilisha ritani iliyo sahihi hatajua yuko upande gani.

Hali ngumu kuliko zote ni ya mwenye kazi mbili, nayo imeenea sana kwetu: mwalimu, muuguzi au polisi anayeuza bima jioni na wikendi. Tuseme mwalimu analipwa Sh50,000 kwa mwezi, na kamisheni ya bima inamwongezea Sh20,000 kwa mwezi, Sh240,000 kwa mwaka. Mshahara wake tayari umejaza ngazi ya asilimia 10 na ya asilimia 25, na nafuu yake imeshatumika kwenye PAYE. Kwa hiyo kila shilingi ya kamisheni, baada ya gharama, inaangukia asilimia 30. Kama hana gharama za kuonyesha, kodi ya kamisheni ni Sh72,000. Zilizokatwa ni Sh24,000. Pengo ni Sh48,000, na hakuna mtu aliyemwambia aliwekee akiba. Fedha zenyewe zimeshakwenda kwenye karo na saruji.

Wengi walio katika hali hiyo huwasilisha ritani inayoonyesha mshahara tu, kama vile bima haikuwapo. Wengine, wasio na ajira, huwasilisha ritani tupu. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu cheti cha zuio kimeshaingia kwenye mfumo kwa PIN yao. KRA inakiona. Anayesema hakupata kitu huku kampuni imeripoti kumlipa laki kadhaa anajitengenezea kesi mwenyewe. Atadaiwa kodi, riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa, na faini juu yake.

Pengo likifikia Sh40,000 kwa mwaka, sheria haingoji hadi Juni. Mwenye mapato ya biashara anatakiwa kulipa kwa awamu nne, robo kila moja, kabla ya tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, na kumalizia salio kabla ya tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Wakala wetu wa Sh58,600 na mwalimu wetu wa Sh48,000 wote wamo humo. Kwa hiyo nawasihi: kamisheni ikiingia, kabla ya kuigusa, tengeni sehemu yake kwenye akaunti nyingine. Mwenye mshahara mzuri pembeni atenge asilimia 20 juu ya ile 10 iliyokatwa. Wakala asiye na ajira aangalie kodi aliyolipa mwaka uliopita, apate uwiano wake. Mkifanya hivyo, Aprili itakuwa mwezi kama mingine.

Mali bila daftari

Njia ya wakala ina faida moja kubwa ambayo mwajiriwa hana: gharama. Mwajiriwa anayelipia mafuta ya pikipiki na data ya simu kutoka mfukoni kwa ujumla hawezi kuziondoa kwenye PAYE yake. Dawa yake ni kumdai mwajiri amrudishie gharama hizo kwa risiti. Wakala anaweza kuondoa gharama zote zilizotumika kwa ajili ya kupata mapato hayo: pango, usafiri, simu, matangazo, mshahara wa msaidizi. Katika mfano wetu, Sh300,000 za gharama zilimwokolea wakala wa pili Sh90,000 za kodi. Mwajiriwa wa Sh1,200,000 hizohizo angetozwa Sh268,600 badala ya Sh178,600.

Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa sheria ya sasa methali hiyo ina meno. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara haikubaliwi, isipokuwa chache zilizotengwa kama mishahara, kama haina ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS. Risiti ya mkono ya kituo cha mafuta haitoshi tena. Fundi aliyekutengenezea pikipiki bila ankara amekuongezea kodi. Kwa wakala aliye katika ngazi ya asilimia 30, kila Sh1,000 ya gharama isiyo na ankara inamgharimu Sh300. Ombeni ankara, tajeni PIN yenu, na wekeni daftari la safari, hata kwenye simu: tarehe, mteja, mahali, kiasi.

Kile kisichoitwa kodi

Anayetaka kulinganisha mshahara na kamisheni asiishie kwenye kodi. Kuna michango inayokwenda sambamba nayo, na hapa ndipo ile karatasi inayomwita mtu wakala huru inaweza kumgharimu.

Mwajiriwa anapochangia hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 6 ya mapato yake yaliyo ndani ya ukomo, mwajiri huongeza nyingine 6. Anapokatwa asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, mwajiri huweka 1.5 yake. Mchango wa bima ya afya ya jamii, SHIF, ulioanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, nao mwajiri ndiye anayeupeleka. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa SHIF na tozo ya nyumba huondolewa kwenye mapato kabla PAYE haijahesabiwa, kama ilivyokuwa kwa mchango wa NSSF.

Wakala huyapata haya kwa sura nyingine. Akiba ya uzeeni ni juu yake mwenyewe, hakuna wa kumwongezea. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 inamhusu, kwa mapato yake ghafi, lakini hakuna anayemkatia, kwa hiyo huisahau hadi imekuwa limbikizo. Mchango wa afya hukadiriwa kwa uwezo wa kaya na hulipwa kwa mwaka. Hana fidia ya kuumia kazini wala likizo ya ugonjwa. Kampuni inayomgeuza mwajiriwa kuwa wakala kwa kubadili karatasi tu inajipunguzia michango hiyo, na mzigo unahamia kwa kijana anayeshukuru kwamba sasa anakatwa asilimia 10 badala ya 30. Ameona makato yamepungua, hakuona kilichoondoka pamoja nayo. Kabla ya kusaini mabadiliko kama hayo, andikeni pande mbili kwenye karatasi moja: kodi ya mwaka, michango mnayolipa, michango anayowalipia mwajiri, na gharama mtakazoanza kubeba. Kisha amueni.

Ninachokitaka

Ndugu zangu, sitaki mtoke hapa mkiwa na mbinu za kukwepa. Kodi hii ndiyo inayolipa mwalimu wa mtoto wako na daktari wa hospitali ya kaunti. Nataka kila mtu alipe kile hasa anachodaiwa, asizidishe wala asipunguze, na akijue.

Kwa Mamlaka ya Ushuru nina maombi mawili. La kwanza, waajiri wanaolipa kamisheni waruhusiwe kukata PAYE kwa kulimbikiza tangu Januari, ili mwezi mnono uhesabiwe pamoja na miezi mikavu iliyotangulia. Fedha za serikali hazitapungua kwa hilo, kwa sababu kodi ya mwaka ni ileile. Kitakachobadilika ni kwamba muuzaji wa Sh20,000 kwa mwezi hataikopesha serikali Sh16,167 bila riba, halafu ahangaike kuzidai. Mifumo ya mishahara ya leo ni ya kompyuta, na kujumlisha miezi iliyopita si kazi ngumu kwake. La pili, zuio la wakala anayejaza ritani kila mwaka kwa uaminifu na kubaki akidai liweze kupunguzwa mapema, badala ya kumsubirisha marejesho kila mara.

Kwa waajiri na kampuni za bima: onyesheni kwenye hati ya malipo kamisheni iliyopatikana, iliyorudishwa, na kodi iliyokatwa, kila moja kwenye mstari wake. Pelekeni zuio kwa wakati, kwa sababu cheti kisipoonekana kwenye iTax, anayeadhibiwa ni wakala aliyekwisha kukatwa. Na msimwite wakala huru mtu mnayemwamuru kama mwajiriwa.

Na kwenu wauzaji: wiki hii, ingieni kwenye iTax na pakueni vyeti vyote vya zuio vya mwaka uliopita. Vilinganisheni na fedha zilizoingia benki au kwenye simu. Kama mmeajiriwa, chukueni P9, mjumlishe mapato ya mwaka na mhesabu kodi kwa ngazi za mwaka nilizozitaja. Mkikuta mnadai, daini, mna miaka mitano. Mkikuta mnadaiwa, lipeni mapema, riba inahesabiwa kwa mwezi. Hesabu yenyewe inachukua jioni moja, na baada ya hapo hakuna atakayejua kuliko ninyi kamisheni yenu imetozwa kiasi gani.